Mtahini Asiyeitikia Salamu

Mimi hasira zangu ziko karibu, sitaki kuficha. Ila siku ile hata mtu mpole angewaka.

Darasa letu la kipaimara, huku upande wa Kitanga, lilifundishwa na mama mmoja tangu sijazaliwa. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia Kibondo, akaolewa kwetu. Uraia anao. Cheti cha ualimu wa dini ndicho hana. Mimi niliishia la saba, na kusoma vitabu vizito nimejifunzia nyumbani kwake, nikimsaidia kumenya mihogo huku yeye ananiuliza, "Huyo Paulo hapo alikuwa anamwambia nani? Na kwa nini amekasirika?" Alinifundisha Biblia kama vile anasimulia habari za majirani. Mtu kama huyo ukimgusa, umenigusa mimi.

Mwaka huo uongozi ukasema watoto hawapelekwi tena kwa askofu mpaka watahiniwe na mtu kutoka Kasulu mjini. Wakishindwa, darasa linafungwa, watoto wanaenda kusoma kanisa kubwa, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mama alijua maana yake. Wiki nzima aliwasikiliza mmoja mmoja, hata shambani, wanapalilia maharage huku wanataja amri kumi.

Mtahini akaja asubuhi na pikipiki, koti limejaa vumbi jekundu. Akaingia kanisani, macho kwenye simu, akasema "Bwana asifiwe" kama anaiambia ile simu, akakaa kwenye meza. Hakungoja hata tuitikie. "Wa kwanza!"

Sasa wewe kama si wa kwetu, nikueleze. Waha hatumsalimii mtu kwa kumpungia mkono. Mtoto akifika mbele ya mkubwa anachuchumaa, anapiga makofi polepole, anasema "Mwakeye," halafu anatulia pale chini mpaka mkubwa aitikie. Kabla ya hapo hana ruhusa ya kusema neno lingine. Mtoto anayeropoka kabla hajaitikiwa, nyumbani anaulizwa amelelewa na nani.

Basi binti wa kwanza akaenda, akachuchumaa, makofi, "Mwakeye."

Yule bwana anatafuta kalamu. "Amri ya tano inasemaje?"

Kimya. Binti kainamisha kichwa, anangoja salamu yake.

"Amri ya tano!"

Kimya. Jamaa akaandika sifuri. "Mwingine!"

Wa pili, vile vile. Wa tatu, vile vile, na huyo ndiye alikuwa anaijua katekisimu mpaka anamsahihisha mchungaji. Wa nne akaanza kutetemeka midomo, bado kachuchumaa, bado anangoja. Sifuri. Na amri yenyewe anayoulizwa, jamani, ni ya kuheshimu baba na mama!

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Nikajikuta niko mezani.

"Mwitikie mtoto salamu yake!"

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Wewe nani?"

"Mwanafunzi wa huyu mama."

"Mwanafunzi? Na hizo ndevu? Umerudia darasa mara ngapi?"

Watoto wakacheka, wale walioweza. Mimi damu ikapanda. "Afadhali mimi nimerudia. Wewe hata kusalimia hujafika! Hata anayekagua mbuzi mnadani huwa anamsemesha mwenye mbuzi!"

"Ndiyo mafunzo ya hapa hayo?" akasema, akimtazama mama. "Watoto mabubu, wakubwa wahuni."

Neno wahuni ningelimeza. Ila alilisema akimtazama yeye. Nikanyakua ile karatasi ya sifuri nne nikaichana.

Mama hakupaza sauti. "Okota."

"Mama, huyu mtu..."

"Okota vipande vyote, umpe mezani kwa mikono miwili. Halafu toka nje."

Nikaokota. Nikampa. Nikatoka, nikasimama dirishani.

Nikamwona mama akienda mbele ya meza na lile goti lake bovu. Akachuchumaa. Akapiga makofi. Akamsalimia yule kijana, wa umri wa kuwa mwanawe, salamu nzima: kuamka, safari, nyumbani, mvua. Na yule bwana, kumbe ni Muha kama sisi, mikono yake ikakumbuka kabla ya kichwa chake. Akasimama, akainama, akapiga makofi, akaitikia. Kisha, mwenyewe bila kuambiwa, akawageukia wale wanne, akaitikia mmoja mmoja.

Weee! Majibu yalitoka kama maharage yanayomwagwa kutoka kwenye gunia. Walifaulu wote.

Ningependa kuishia hapo. Lakini barua ilikuja: watoto wanakwenda kwa askofu, hongera. Darasa linafungwa, kwa kuwa mwalimu hana cheti na kwa sababu ya vurugu mbele ya mtahini.

Vurugu ni mimi.

Nilikwenda kwa mama, barua nimeikunja ngumini. Nikamkuta anaanika mihogo.

"Nakwenda Kasulu leo leo," nikasema. "Watanitambua."

"Watakutambua, kwani hawajakutambua?" Hakuinua macho. "Barua inasema lolote kuhusu cheti?"

"Inasema mwenye cheti akipatikana, darasa litafunguliwa."

"Mimi kukaa wiki sita kwenye benchi la kozi ya cheti, na goti hili, siwezi. Nenda wewe."

"Mimi? Anayefundisha hiyo kozi ni nani, unajua?"

"Ninajua. Nimekwisha kukuandikisha."

"Mama, siwezi kumwinamia yule mtahini."

"Basi watoto watembee saa mbili." Akaendelea kugeuza mihogo.

Nikaenda. Na usidhani nilikuwa nimepoa, nilikuwa nafoka njia nzima mpaka dereva wa bodaboda akaniomba nimwache aendeshe. Nilipofika, yule bwana alikuwa anaandika ubaoni. Wenzangu wameshakaa. Nikachuchumaa pale mlangoni, mtu mzima na ndevu zangu, nikapiga makofi.

"Mwakeye."

Akageuza shingo, akaniona. Akarudi ubaoni. Akaandika mstari, akaandika mwingine, akajaza ubao wote. Nyuma watu wanachekea viganjani. Miguu ikaniwaka moto. Nilimwazia mabaya ambayo siwezi kuyaandika. Lakini sikuinuka wala sikufungua mdomo, maana nilijua nimelelewa na nani.

Akaweka chaki chini, akafuta mikono, akainama. "Mwakeye," akasema. "Njoo ukae mbele."

Nikaenda kukaa nyuma.