Mwaka Egon Alipokwenda Le Mans na Binti Yake

Egon Thygesen alitengeneza mabasi ya mji wa Horsens, Denmark, kwa miaka thelathini na minane, na kwa kumi na tisa kati ya hiyo nilikuwa naye gereji moja. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza hali alikujibu, "Si mbaya," hata siku ile jeki ilipomwangukia mguuni. Starehe yake ilikuwa moja: kila Juni yeye na rafiki zake wawili, Poul na Verner, walipakia hema na makreti ya bia kwenye gari, wakashuka mpaka Le Mans, Ufaransa, kutazama magari yakishindana saa ishirini na nne mfululizo.

Halafu Poul akafa, Verner akahamia Norway kwa mwanawe, na macho ya Egon yakaanza kufifia. Daktari akamkataza kuendesha. Alikuwa na miaka sabini na minne, na tikiti mbili ameshanunua. Akampigia simu mwanawe wa pekee, Karna, mwalimu wa hesabu huko Vejle.

"Juni una shughuli?"

"Nina siku ya kuzaliwa, baba. Huwa ninayo kila Juni."

"Basi tutaisherehekea njiani."

Karna nusura akate simu. Alizaliwa wikiendi ya mashindano, baba yake akiwa huko huko Le Mans. Hadithi ya nyumbani ilikuwa kwamba mtoto aliwahi wiki tatu, na kambini hakukuwa na simu, kwa hiyo baba hakujua. Lakini hata miaka iliyofuata, keki zilikatwa bila yeye. Karna aliniambia kwamba alikubali kwenda kwa sababu moja tu: hakutaka mzee apande treni peke yake na macho yale.

Njia nzima Egon alimwelekeza.

"Hapo kushoto."

"Hapo kushoto ni shamba la ngano, baba."

"Zamani ilikuwa barabara. Na mbona unaendesha kama umebeba maiti?"

"Basi nyamaza kama maiti."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Walilala hemani Ubelgiji, wakala mkate mweusi na samaki wa siki waliofungasha nyumbani, na Jumamosi mchana walikuwa jukwaani, mkabala na mahali magari yanapoingia kujaza mafuta.

Karna alitarajia kuchoka. Magari yalipoondoka, kishindo kikampiga kifuani, akajikuta amesimama. Egon hakuweza kusoma namba, hivyo Karna akamsomea muda kwenye skrini. Baadaye akaanza kuuandika nyuma ya bahasha.

"Lile la kijani litaingia mzunguko ujao," akasema.

Likaingia.

"Umejuaje?"

"Nimegawanya tu muda kwa mizunguko."

Uso ukiwa bado umeelekea barabarani, Egon akasema, "Simu ilikuwapo."

"Simu gani?"

"Ya kambini. Nilipiga Jumamosi asubuhi. Bibi yako akaniambia umezaliwa, mzima, kilo mbili na nusu. Nikakaa mpaka mashindano yakaisha."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona unaniambia leo?"

"Ile hadithi aliitunga mama yako ili kunisitiri. Yeye ameshakwenda. Nikifa na mimi, utabaki na uongo."

"Kwa nini hukuja?"

"Niliogopa. Huku kulikuwa na kelele nilizozoea, huko kulikuwa na mtoto."

"Hiyo si sababu, baba."

"Siyo. Lakini ndiyo niliyokuwa nayo."

Karna alichukua mkoba wake akashuka. Alipita vibanda vya soseji na maduka ya kofia, akapanda gurudumu kubwa la kubembeza watu, akazungushwa juu ya uwanja mara mbili peke yake. Hakulia. Alihesabu siku za kuzaliwa ambazo baba yake alikuwapo, akapata nne. Mvua ikaanza. Ndipo alipokumbuka kwamba mzee hawezi kuziona ngazi.

Alirudi baada ya karibu saa mbili. Egon alikuwa palepale, amelowa, koti lake amelitandaza kwenye kiti cha Karna kisilowe.

"Umekaa hivi muda wote?"

"Ningekwenda wapi? Nimebanwa na mkojo tangu ulipoondoka."

Karna akamshika mkono, wakashuka ngazi moja moja.

Walipokuwa wakirudi jukwaani Egon akasema, "Kesho tuondoke mapema. Si lazima tuone mwisho."

"Nimeendesha zaidi ya kilomita elfu moja na mia nne. Mwisho nitauona mimi. Wewe ukitaka, kangoje garini."

Jumapili waliuona mwisho pamoja. Gari la kijani lilimaliza la tatu, na Karna aliniambia kwamba hilo lilimuudhi kuliko alivyotegemea.

Hakumwambia baba yake kwamba amemsamehe, na Egon hakuuliza. Njia ya kurudi walizungumza habari za matairi, na mara moja tu habari za mama. Jumatatu jioni walifika Horsens. Karna alimpandisha baba yake ghorofani, akamtundikia hema kwenye roshani likauke, kisha akalala kwenye kochi. Hakuwa amelala katika nyumba ile tangu walipomzika mama yake.