Neno Refu la Libérat

Kaka yangu mkubwa Libérat, niliyemwita yaya, aliwaandikia watu barua hapa Mulongwe, mtaa wa mji wetu kando ya ziwa, kwenye baraza la duka lililofungwa, na barua zake zote zilikuwa na neno moja la Kifaransa. Ulitaka kazi, neno limo. Ulitaka kuposa, neno limo. Anticonstitutionnellement. Alilipata shuleni kwa mapadri, kwenye imla, na siku aliyoliandika bila kosa darasa zima lilimpigia makofi. Mimi nasema makofi yale ndiyo yaliyomharibu.

Maana yake ni "kwa kuvunja katiba". Serikali ikikufunga bila kufuata ile sheria kubwa ya nchi, basi imekufunga hivyo. Vizuri sana. Ila uhuru ulipokuja, mwaka 1960, nchi haikuwa na katiba. Ilikuwa na sheria ya muda tu, ya kushikilia nafasi. Libérat hakujali. Neno la kuvunja tulikuwa nalo, cha kuvunjwa bado hakijafika. Maendeleo hayo!

Na wateja walilipenda, msicheke. Hawakuuliza barua inasema nini. Waliuliza, "Lile lirefu liko wapi?" Libérat akawaonyesha, nao wakalifuata kwa kidole mwanzo hadi mwisho, herufi ishirini na tano, kisha wakakunja karatasi kwa heshima. Siku moja alimwandikia mtu barua fupi, safi, bila neno lile. Yule bwana aliirudisha, akasema amepunjwa.

Émérance, jirani yetu, alimwandikia mumewe aliyehamia Bujumbura kwa mwanamke mwingine. Barua ikamwambia amemwacha mke kwa kuvunja katiba. Mpaka leo hajarudi. Nadhani anaogopa mahakama. Bonaventure naye alishuka kutoka Mulenge, kule milimani, kudai ng'ombe wake aliyechukuliwa na askari. Hakuna mkubwa wa ofisi aliyetaka kukiri kwamba neno limemshinda, kwa hiyo kila mmoja alipiga muhuri na kuisukuma barua kwa mwenzake. Ng'ombe aliliwa. Barua labda bado inatembea.

Mwaka 1964 waasi wakauchukua mji. Kwao, aliyejua Kifaransa cha ofisi alikuwa mtu wa serikali, na watu wa serikali walipelekwa ufukweni, hawakurudi. Mwezi wa nane, wiki ileile redio ilipotangaza kwamba nchi sasa ina katiba, walifungua madroo ya ofisi wakakuta rundo la barua. Chini ya kila alama ya kidole gumba cha mteja, Libérat kwa maringo yake alikuwa ameweka jina lake mwenyewe kamili. Walimkamata mchana kweupe.

Nilikimbia uwanjani na mikono yangu ikinuka ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Libérat alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kamba mikononi, kifua mbele kama anasubiri kupigwa picha. Nilitaka kulia, nilitaka pia kumpiga.

"Weye ni nani?" mkubwa wao akaniuliza.

"Minye Célestine, dada yake. Mukubwa, amefanya nini?"

"Ameandikia serikali miaka mine. Iko mutu yao."

"Ameandika, ndiyo. Lakini uliza kama kuna siku walimujibu!"

Akanitazama. Nikaona mlango, nikaingia mzimamzima. Nikamwita Émérance aliyekuwa pembeni. "Bwana yako alirudi?"

"Hapana," akasema. "Hata salamu hakutuma."

Nikamwita Bonaventure, aliyekuwa ameshuka sokoni. "Ng'ombe yako?"

"Walikula, mama. Na ndama yake."

Basi watu wakapata moyo. Mmoja aliomba kazi, hakupata. Mwingine aliposa, akakataliwa. Mzee mmoja alisema kabla ya barua alifungwa wiki moja, baada ya barua wakamwongezea mbili. Waasi walianza kucheka. Mkubwa wao akajifuta macho.

"Barua zote hizi, hata moja haikusaidia mutu?"

"Hata moja, baba," nikasema kwa sauti kubwa, uwanja mzima usikie. "Serikali haikuwahi kuwa na hasara kwake, wala faida. Huyu hafai kitu."

Hapo ndipo Libérat alipoinamisha kichwa. Kamba hazikumwinamisha, bunduki hazikumwinamisha. Mungu anisamehe, niliona, na bado nikarudia: "Hafai kitu."

"Mumufungulie," mkubwa akasema. "Aende."

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa akisugua mikono. Tulipofika kwenye kile kibaraza chake hakusimama.

"Célestine," akasema bila kugeuka, "wamenifunga bila hati. Hakuna hakimu. Wameniachilia kwa sababu wamecheka. Unajua hiyo inaitwaje?"

Nilijua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake neno lilikuwa mahali pake.

"Nyamaza, yaya," nikamwambia. "Tembea."

Akatembea. Hakuliandika neno lile tena, wala barua nyingine yoyote.