Mama Alipokuja Mbele Yangu

Juzi kwenye kivuko cha Kamanga nilimwona mtoto mwenye kifaa cha kusikia akimshika mama yake kidevu ili amgeukie. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni ufukweni, dagaa tuliowaanika wakinuka mchangani na wingu la mvua likikaribia. Sauti ya mawimbi haimo kwenye kumbukumbu hiyo. Wakati ule hakuna aliyejua kuwa sisikii vizuri, hata mimi. Nilidhani mtu akikupa mgongo, ameacha kusema.

Mama alinizunguka, akachuchumaa mbele yangu, fimbo mkononi.

“We Kabula, nimekuita mpaka koo limekauka! Dagaa watalowa! Kiburi hicho umekitoa wapi?”

Nikamkumbatia kwa furaha. Kwangu, ndiyo kwanza alikuwa ananiita.