Nilitia chumvi yangu, lawama akabeba Zuhura

Mnisamehe kuchelewa. Barua hii nimeianza na kuifuta kwa miezi miwili, na kila nikiifuta nilimsingizia mtoto kwamba analia. Leo amelala, sina tena wa kumsingizia. Admin, jina langu lifiche. La huyu dada nimelibadilisha mwenyewe.

Nina miaka ishirini na sita, mama wa watoto wawili, mdogo ana miezi saba. Naishi Ruziba, wazazi wangu walitoka Uvira. Shule niliishia sekondari. Kompyuta nilifundishwa bure na kikundi cha watu wanaojitolea kutengeneza programu ya vituo vya afya. Inawatumia akina mama ujumbe kwenye simu kuwakumbusha siku ya chanjo. Haiuzwi, na mtu yeyote anaweza kuisoma ilivyoandikwa na kuleta marekebisho yake.

Programu hiyo ina matawi mawili. Tawi kuu ni kama jikoni: watu wanajaribu, wanaonja, wanaunguza. Tawi imara ni sahani iliyokwisha kuwekwa mezani, maana ndilo linalotumiwa na vituo. Humo hatuongezi kitu kipya. Tunahamishia tu marekebisho yaliyojaribiwa jikoni na kuangaliwa na mtu wa pili. Chefu wetu, yaani kiongozi wa kikundi, husema, "Mezani unatoa inzi, hutii chumvi." Mimi ndiye niliyekabidhiwa meza hiyo. Waliniita Mama Tawi, na siwafichi, nililipenda hilo jina. Nyumbani naitwa uji ukihitajika. Pale niliitwa kwa sababu ya kitu ninachokijua.

Basi jirani yangu, Mama Keza, alipata ujumbe wa chanjo ya Jumatatu. Akaja na simu yake anacheka: "Jirani, hii Kiswahili ya Buyenzi itaniua! Jumatatu si siku ya tatu? Nimeenda mercredi, wamenifukuza!" Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa mjini, lundi huiita Jumatatu na mercredi huiita Jumatano. Kwetu, kama kwa Kirundi, tunahesabu kuanzia lundi: lundi ni siku ya kwanza, mercredi ni siku ya tatu. Nikasema nitamsaidia.

Siku hiyo nilikuwa nahamishia tawi imara rekebisho la Zuhura. Zuhura ni mwenzetu kikundini, mke wa fundi magari, mzaliwa wa Buyenzi. Ujumbe wetu ulikuwa unakata majina marefu ya watoto, yeye akaurekebisha, na kazi yake ilikuwa imeshaangaliwa. Mtoto titi mdomoni, mkono mmoja kwenye kibodi, nikaiambia kompyuta: kila palipo "Juma", weka "siku ya". Zikatoka siku ya pili, siku ya tatu, siku ya nne. Nikasoma, nikaona ni Kiswahili chetu kabisa. Namba sikuzigusa. Yaani Jumatatu, ambayo ni lundi, niliigeuza siku ya tatu, ambayo kwetu ni mercredi. Mama Keza alikosea kwa kutoelewa. Mimi kosa hilohilo nililiandika, nikawatumia watu.

Na aibu yangu iko hapa. Nilijua ile ni chumvi. Nilijua ilitakiwa ipite tawi kuu kwanza. Nikaichomeka ndani ya kazi ya Zuhura makusudi, ili nisisubiri mtu wa kuiangalia. Na badiliko likihamishwa hubaki na jina la aliyeliandika kwanza. La aliyehamisha hukaa chini, kwa herufi ndogo, na hakuna anayelitazama.

Wiki iliyofuata, mercredi, nilimpeleka mtoto kituoni kwa ajili ya kikohozi. Benchi lilijaa akina mama. Muuguzi anapaza sauti: "Mumekuja kufanya nini? Chanjo ilikuwa lundi!" Mama mmoja akamsogezea simu: "Mi sikujileta. Soma mwenyewe. Siku ya tatu." Mwingine akakaza kitenge chake: "Apana, mi sirudi tena. Nimetembea na mutoto mgongoni tangu asubuhi." Nilimfunga mtoto mgongoni upya.

Nikakimbia nyumbani, nikarudisha majina ya zamani. Lakini kwenye kikundi chefu alikuwa ameshaona jina lililo juu ya badiliko lile. "Zuhura, nani alikutuma ugeuze siku?"

"Wallahi sikugusa siku! Sisi Jumatatu ni Jumatatu tangu babu zetu."

"Basi ni jini la Buyenzi limeandika," mmoja akamtania, wakacheka. Zuhura akanyang'anywa ruhusa ya kuleta marekebisho. Mimi nikashukuriwa: "Mama Tawi, bila wewe tungeaibika."

Kesho yake Zuhura akanipigia, sauti chini. "Dada, we ndiye unajua matawi. Niangalilie. Pengine niligusa bila kujua. Mume wangu anasema kompyuta si kazi yangu, na mi naanza kumwamini."

Nikamjibu, "Nitaangalia, dada." Nitaangalia! Tangu hapo hajaandika hata mstari mmoja.

Kwamba nitasema, hilo siwaulizi. Nitasema, na tawi wakinipokonya ni haki yao. Nauliza nianzie wapi. Nikimpigia yeye kwanza, naogopa atanihurumia aniambie ninyamaze, na ninavyojijua nitanyamaza. Nikiandika kikundini kwanza, atalisikia pamoja na wale waliomcheka. Nishaurini, nimtangulize nani?

Na kupitia ukurasa huu mnitumie haya. Kama ni wewe uliyerudishwa siku ile na mtoto hajapata chanjo, nitumie mtaa wako na umri wa mtoto tu, nitavifikisha kituoni. Nahitaji mtu wa Buyenzi na mtu wa Uvira, kila mmoja aniandikie siku saba anavyozitaja yeye, aanze na lundi, ili safari hii zijaribiwe jikoni kwanza. Na aliyewahi kumwomba msamaha mtu aliyemwamini, anitumie sentensi yake ya kwanza, ile ya kwanza tu. Pole msinitumie. Hiyo ni ya Zuhura.