Kaka alimenya ndizi vizuri, akabandika bila maji

Habari za mapumziko wakuu. Nawaletea jambo lililotokea jikoni kwa kaka yangu huku Ndama, Karagwe. Nilikuwepo, siongezi chumvi.

Mimi ni bodaboda wa Omurushaka, shule niliishia form four.

Kaka Deo alianguka na pikipiki, akagonga kichwa. Kidonda kikapona, akarudi anacheka na watu kama zamani.

Ila kazi haimaliziki. Anaenda kukata ndizi, anarudi na kuni mbili na stori. Anafungulia mbuzi, anawaacha barabarani.

Mke wake, shemeji Adela, akaona anadharauliwa. "Huyu haumwi, ana jeuri!" Nguo akaweka kwenye mfuko, akasema anarudi kwao Rugu.

Wiki hiyohiyo nikapata abiria, mama mmoja anaongea Kinyambo safi. Kumbe ni mhadhiri wa chuo kikuu, kaja kutafiti watu walioumia ubongo. Fani yake inaitwa neurosaikolojia (ulimi wangu ulichelewa kulizoea hilo jina).

Nikamuuliza, "Dokta, si ungekuwa mpasuaji tu, uheshimike?"

Akacheka. "Wa kushona kichwa wapo, mdogo wangu. Wa kumfuata mtu nyumbani akishashonwa ndio wachache."

Hapohapo nikamwomba apite kwa kaka.

Tulipofika akamuuliza kaka tarehe na majina ya watu, akamwambia ahesabu kurudi nyuma. Kaka akajibu yote, na utani juu.

Shemeji akapiga makofi. "Umeona, Dokta? Mzima kabisa!"

Dokta akafunga karatasi zake. "Deo, nina njaa. Nipikie ndizi."

Wakuu, kaka alimenya vizuri mno. Akazipanga kwenye sufuria, akawasha moto, akaketi kutupigia stori.

Maji hakuweka.

Harufu ikaanza. Shemeji akainuka, Dokta akamshika mkono. "Mwache kidogo."

Kaka akanusa. "Jirani anaunguza chakula."

Hakuna aliyecheka. Akatutazama usoni mmoja mmoja, akaitazama sufuria, sauti ikashuka. "Adela, nimekosea wapi?"

Shemeji akakaa chini karibu yake. "Maji, mume wangu. Maji tu." Akaanza kulia.

Dokta akatueleza kwamba kila hatua kaka anaijua. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayozipanga hatua zifuatane. Hakutuahidi kupona. Alisema tumwambie jambo moja moja, na hatua za kazi tumchoree mahali anapoziona.

Shemeji akachukua mkaa, akachora ukutani jikoni. Ndizi, maji, moto.

Juzi nimepita nikakuta mchoro wa nne, mwanamke kajifunga kitenge, kichwa kikubwa kuliko sufuria. Nikauliza, "Kaka, hii nayo hatua gani?"

"Kumwita Adela ale."

Shemeji akajifanya hajasikia. Ule mfuko wa nguo sasa anabebea maharage.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akibadilika baada ya kugonga kichwa, msikimbilie kumwita jeuri. Mpelekeni hospitali, na mumtazame akifanya kazi, siyo akiongea tu.

Mimi nimeamua kurudia mitihani ya sayansi, nije kusoma fani hii. Kijiweni wananiita Profesa Boda. Naitika.

Mwenye kujua njia ya kuanzia huku chini anielekeze. Na kama nyumbani kwenu yupo Deo wenu, tuandikie hapa mnaishi naye vipi.