Marché ya Mama Mdogo

Mimi sijui kutazama basketi nimekaa. Jioni ile nilisimama tangu wachezaji wakipasha misuli, rimoti mkononi, nikiuomba umeme wa mtaa wetu wa Bwiza utuonee huruma kwa saa mbili tu.

Ndugu yangu alikuwa anacheza. Kwa kuzaliwa ni mtoto wa mama mdogo, lakini tumekula sahani moja tangu utoto. Timu yake ya nje ya nchi ilikuwa imefika nusu fainali, na mechi ilirushwa moja kwa moja saa moja jioni, saa ambayo kila mtu yuko mbele ya televisheni. Asubuhi alinipigia simu. Alikuwa amepewa mkataba mpya. "Mwambie mama atazame," alisema. "Asiponipa radhi, sisaini. Narudi."

Radhi hiyo mama mdogo alikuwa amemnyima, mwaka wa pili sasa. Ana meza ya vitenge sokoni, na kwake yeye kijana mzima hurithi meza, hakimbizani na mpira. Alikuja shingo upande, akakaa ukingoni mwa kiti changu, katikati ya jamaa waliojaa sebuleni, hata viatu hakuvua.

Robo ya kwanza, mtoto hayupo uwanjani. Ya pili, hayupo. Ya tatu nilitamani kumrarua yule kocha. Robo ya mwisho akaingia, nikapiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta. Akapokea mpira, akapenya katikati ya majitu mawili, na filimbi ikalia. Mtangazaji akapaza Kifaransa chake: "Marcher!"

Mama mdogo akatugeukia. "Mumesikia? Hata uyo wa ku televizyo anasema arudi ku marché!"

Watu wakavunjika mbavu. Mimi sikucheka, roho iliniuma. Nikamweleza kwamba hiyo ni marcher ya kutembea na mpira bila kuudunda, ni kosa la mchezo, wala si marché ya soko.

"Mi niko ku marché miaka yote," akanijibu, "we ndio utanifundisha ile neno?"

Zikabaki sekunde saba. Tuko mbele kwa pointi moja, mpira ni wa wapinzani, na aliyepewa kazi ya kumkaba mfungaji wao ni ndugu yangu. Moyo ulinidunda kuliko mpira wenyewe. Akakunja magoti, akatanua mikono, hakuacha hata upenyo wa sindano. Yule mfungaji akayumba kushoto, akayumba kulia, akakosa pa kupita, akaburuta mguu. Filimbi.

"Marcher!"

Mama mdogo alikuwa juu ya kiti changu, na viatu vyake, kitenge kimemdondoka begani.

"Uyo ndio aende ku marché!" alipiga kelele, kidole kwenye kioo. "Mutoto wangu abaki palepale!"

Nikachukua simu, nikamwandikia ndugu yangu maneno hayo kama yalivyotoka.