Shahada Iliyo Ng'ambo ya Mpaka

Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kukubaliwa na chuo. Kumbe kazi ni kuwaeleza watu unachotaka kusomea. Mimi ni mbunifu katika duka la kuchapa hapa Gitega: vibao vya saluni, kadi za harusi, mabango ya mikutano. Nilipomwambia bosi kwamba nataka shahada ya uzamili ya usanifu wa michoro, alinitazama kana kwamba nimeomba ruhusa ya kwenda kusomea kupiga mswaki.

"We, kompyuta iko unaijua bien," alisema. "Master ya nini tena? Mi nilijifunza peke yangu, na wateja iko wanakuja."

Wanakuja, kweli. Wanataka herufi nyekundu zenye kivuli cha njano juu ya picha ya maua, naye anawapa. Hayo maua ndiyo yaliyonichosha mpaka nikaanza kutafuta chuo.

Nilipata nafasi katika vyuo viwili. Kimoja kiko hapahapa Gitega, kinafundisha kwa Kifaransa, na nilipoisoma kozi yao niliona watanifundisha upya programu ninazozitumia kila siku. Cha pili kiko Tanzania. Wana karakana ya kuchapa kwa mkono, na wanafundisha kuunda herufi kuanzia karatasi tupu. Nilikulia Tanzania, Kiswahili changu ni cha huko. Kwangu mimi hakukuwa na cha kuchagua. Ilibaki kwenda Butihinda, Muyinga, kumwambia mama.

Nilimkuta anachambua maharage. Hakuuliza kozi ni ya nini. Aliuliza ni wapi, nikamtajia.

"Kwa hiyo unahunga," alisema.

Neno hilo tumelitoa kwenye Kirundi, maana yake kuikimbia nchi. Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini Tanzania hatuna neno jingine la kuvuka kwenda upande ule. Hata mtu akienda kununua chumvi, majirani hutania kwamba amehunga. Mama hakuwa anatania.

"Mama, naenda kusoma."

"Hata sisi hatukusema tunakimbia. Tulisema tunasogea kidogo mpaka kupoe."

Nilikasirika. Nilieleza karakana, herufi, likizo, simu. Kila nilipotaja chuo, yeye alitaja shamba. Tuliporudi tulikuta mtu mwingine amelima humo, na jirani mmoja akaapa hajawahi kutuona. Nikamwambia hayo yamepita, na kwamba mimi sitaki kuchora maua maisha yangu yote kwa ajili ya shamba la mihogo. Akaendelea na maharage yake. Nililala nimenuna, nimeshaamua kwamba nitaondoka hata bila baraka yake.

Asubuhi nikiwa na mkoba begani, nikamkuta amesimama mpakani mwa shamba na majirani wa pande zote, wengine bado na majembe. Nilitaka kupotea kwa aibu. Nilikuwa nachelewa gari, na viatu vyangu vilikuwa vimejaa tope.

Mama alinishika mkono akanisogeza mbele yao.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Anakwenda Tanzania kusoma. Mtazameni vizuri usoni, kila mmoja. Akirudi, asiwepo wa kusema hamfahamu."

Wakanitazama mmoja baada ya mwingine, nami nikasimama wima, nikaacha wanione.